Mundu Wenye Nusu ya Tundu

Kazi yangu ni kushuku watu. Naamka Arlington, na-drive mpaka Plano, nakaa mbele ya kompyuta mbili na kusoma madai ya bima ya watu ambao nyumba zao zimeungua, magari yao yamegongwa, na pete zao za ndoa zimepotea muda mfupi tu baada ya kukatiwa bima. Wengi wanasema kweli. Mimi natafuta wale wachache wasiosema. Mume wangu anadai kazi hii haikunifundisha kitu, kwamba nilizaliwa nayo, na kwamba siku aliponitamkia ananipenda nilimuuliza shahidi wake ni nani. Huo ni uongo. Nilimuuliza tu ameshawaambia wangapi kabla yangu.

Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba mwaka jana niliuona mundu wa marehemu mama yangu Dallas, ndani ya kabati la kioo, umewekewa kibandiko kinachosema ni wa Warumi. Msinione punguani. Ningekuwa punguani kama ningepita bila kusimama.

Lazima niueleze kwanza huo mundu.

Nyumbani kwetu ni kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kule ng'ombe hatembei. Anakaa bandani mwaka mzima kama bibi harusi, chakula kinamfuata. Kinachomfuata ni majani yaliyokatwa na mwanamke: matete, majani ya migomba, na kiangazi kikikaza, matawi ya mringaringa na mlusina. Mwanamke anatoka asubuhi na mapema na mundu wake, anarudi na mzigo kichwani mkubwa kuliko mlango wa banda. Mama alifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilifanya naye mpaka nilipoondoka kwenda chuo. Mdogo wangu wa kiume hakufanya. Kwetu kukata majani ni kazi ya wanawake, na mwanaume akionekana njiani na mundu watu wanamuuliza mkewe amefariki lini. Isitoshe mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto, na mama alisema mundu wake haukutengenezwa kwa mkono huo.

Hilo lilikuwa kweli. Ulikuwa umenolewa upande mmoja tu, upande wa mtu wa mkono wa kulia. Ukiushika kushoto, makali yanateleza juu ya tawi badala ya kuingia. Aliutengeneza mhunzi wa kule chini sokoni kwa chuma cha springi ya lori, zile bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine. Springi hizo zina tundu katikati, la kupitishia bolti. Mhunzi alipokata chuma alipita palepale kwenye tundu, kwa hiyo mundu wa mama ulibaki na nusu ya tundu mgongoni, karibu na mpini. Mtu mwingine angeurudisha. Mama aliupenda kwa sababu hiyo hiyo, maana kidole gumba chake kilikaa pale vizuri anapovuta tawi, na kwa miaka yote ile pakawa laini kama kijiko. Sehemu za mundu alizipa majina: shingo, tumbo, mdomo. "Umelitumia tumbo," alikuwa akinigombeza, "hapo unatumia mdomo."

Na kulikuwa na sheria. Mundu haupokezanwi mkono kwa mkono. Unauweka chini, unarudisha mikono yako nyuma, mwenzako anauokota. Ukimpa mtu makali mkononi, alisema, umempa ugomvi. Nilikuwa nimeloa, mzigo unaniteleza kichwani, siafu wananipanda miguuni, na bado mama anauweka mundu kwenye tope ili mimi niinuke nao kutoka chini. Nilikuwa nakereka, we acha tu. Lakini hapa Arlington nikimpa mume wangu kisu jikoni, mpaka leo nakiweka mezani kwanza.

Mama alifariki nikiwa nasubiri makaratasi. Wenzangu wa hapa wanajua maana ya maneno hayo. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba ukitoka nchi hii hurudi. Mdogo wangu anaishi Houston na yake yalikuwa yameshakamilika, kwa hiyo mama alipozidiwa alikwenda yeye, akakaa naye mpaka mwisho. Mimi nilizika kwa simu. Niliiegemeza kwenye chupa ya sabuni ya vyombo, nikaona migongo ya watu, nikaona mwavuli, halafu mtandao ukakatika wakati wa kutia udongo.

Nilimwomba mdogo wangu kitu kimoja tu. Sikuomba khanga wala picha. Sikuomba shamba, maana kihamba, shamba la ukoo, kwetu kinakwenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho na sina neno na hilo. Nilimwambia aniletee mundu wa mama. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema hajauona.

Kile kimya nilikisikia. Kazini ningekiwekea alama nyekundu. Lakini baba alitangulia zamani, na watoto wa mama tuko wawili. Nikimpoteza huyu, sina tena mtu duniani anayejua mlango wa banda letu ulivyolia ukifunguliwa. Basi nikameza. Nikamshuku shangazi, ambaye hata majani hakati tena. Nikamshuku jirani. Mungu anisamehe, nilimshuku hata mchungaji aliyeongoza ibada, kwa sababu alikuwa na mkoba mrefu. Kwa miaka mitatu niliwashuku watu wa kijiji kizima kwa zamu, ili nisimshuku mmoja.

Sasa, Dallas. Kulikuwa na maonyesho ya vitu vya kale kwenye ukumbi mkubwa, na mimi nilikwenda kutafuta meza. Kwenye kona kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe na mikanda ya suruali mabegani, anauza vyuma: makufuli, misumari mikubwa, vichwa vya mikuki. Katikati ya kabati lake la kioo, juu ya kitambaa chekundu, ulikuwepo mundu. Shingo ileile. Tumbo lilelile. Mdomo umepinda kidogo kuelekea chini, vilevile. Nilishika ukingo wa kabati, nikainama.

Mzee akafurahi kupata msikilizaji. Akaniambia huu ni wa Kirumi, chuma cha kupogolea miti na kukusanyia majani ya mifugo. Warumi, akasema, walikuwa na vyuma vya kupinda vya kila namna. Upo wa mizabibu, una kishoka kidogo mgongoni cha kugongea vigogo vilivyokufa. Upo wa kufyekea miiba. Upo wa mpini mrefu wa kuvutia matawi ya juu. Nyasi zikikauka walipanda kwenye miti, wakakata matawi yenye majani, wakayafunga mizigo na kuyakausha, ng'ombe akala hayo. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto habari za mwezini. Mimi nilikuwa namsikiliza huku nasema moyoni, baba, haya mambo nimeyabeba kichwani.

Nikamuuliza kama ng'ombe wa Warumi walikaa ndani. Akafikiri. Akasema majira ya baridi, ndiyo, nadhani wengi walikaa ndani.

Nikaomba niushike. Hakunipa mkononi. Aliutoa, akauweka juu ya kitambaa mezani, akarudisha mikono yake nyuma, akangoja niuokote. Najua, najua. Wauzaji wa vitu vya thamani wote hufanya hivyo ili kisianguke. Lakini siku ile nilijiuliza ni nani aliyemfundisha.

Uzito ulikuwa wenyewe. Mkia wa kuingia kwenye mpini ulikuwepo, mpini wenyewe haupo. Nikaugeuza kwenye mwanga: umenolewa upande mmoja, mkono wa kulia. Kutu ilikuwa imeula sana, lakini kutu si ushahidi. Nimeshaona mtu akizeesha saa mpya kwa siki na chumvi. Nikapeleka kidole gumba mgongoni, pale kwenye nusu ya tundu. Hapakuwa na nusu ya tundu. Palikuwa pamemeguka. Palepale, karibu na mpini, kipande cha mgongo kimeondoka, na chote kingine kimebaki kizima. Kazini kwetu jambo kama hilo halipiti. Kipande kikikosekana palepale ambapo kitu kingetambulika, ujue kuna aliyekiondoa.

Nikamuuliza aliupata wapi.

"Houston," akasema.

Houston ina watu mamilioni. Wangu ni mmoja.

Akaendelea kusema eti ulitoka kwenye nyumba ya bwana mmoja aliyefariki, aliyekuwa akikusanya vitu kama hivi, na kwamba kabla ya hapo ulifukuliwa Ulaya, kando ya mto. Nikamuuliza jina la huyo marehemu. Akasema hilo hawezi kusema. Nikamuuliza mto gani. Akasema hakumbuki vizuri. Haya basi, dalili ya mvua ni mawingu. Nikaupiga picha mbele na nyuma, nikamshukuru, nikatoka bila meza.

Nikiwa bado ndani ya gari nilimtumia mdogo wangu picha ile. Sikuandika neno. Ukiandika neno unampa mtu pa kushikia. Alama mbili za buluu zikatokea papo hapo, ameiona. Nikangoja. Mdogo wangu ni mtu wa kujibu. Mtumie picha ya paka, atajibu. Siku ile hakujibu, na siku iliyofuata hakujibu, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wiki ile nilisoma habari za Warumi mpaka mume wangu, Mlutheri wa kuzaliwa, akaniuliza kwa upole kama nimehamia Roma. Nilikuwa nafungua michoro ya vyuma vilivyofukuliwa huku na huku, navikuza kwenye skrini, natafuta tofauti. Nilitaka sana nipate tofauti. Sikuipata ya maana. Vina shingo, vina tumbo, vina mdomo, na eti Warumi nao walizipa sehemu hizo majina. Nilifika mahali nikawashuku Warumi wenyewe. Ni watu gani hawa wanaojua mambo ya mama yangu, na hakuna aliyewaona wakija kwetu? Binti yangu alinisikia nikiongea na kompyuta, akanijibu kwa Kiingereza kwamba nahitaji likizo.

Mume wangu ndiye aliyesema wazi kile ambacho nilikuwa nakikwepa. Alikuwa anakausha vyombo. Akasema tatizo langu si mundu. Mundu ni chuma, akasema. Tatizo ni kwamba nikienda Houston na nikakuta kijana ameuza kitu cha mama yake, nitarudi bila ndugu, na yeye hataki kuishi na mke asiye na ndugu. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema ndiyo, lakini mtu hatupi nguo zote akabaki uchi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi.

Kisha mdogo wangu akapiga simu. Alianza na mvua: maji yamejaa barabarani, gari la mwenzake limezima. Nikasema pole. Akasema joto limerudi. Nikasema pole na hilo. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, ile picha niliitoa wapi. Nikasema Dallas, kwenye kioo. Akauliza kama nina hakika ni ya wiki hii. Swali gani hilo? Mtu mwenye mikono safi atauliza picha ni ya lini? Nikasema ni ya wiki hii.

"Njoo Jumamosi, dada," akasema. "Njoo peke yako."

Nilikwenda. Barabara ya Houston ni moja, imenyooka, na ina malori mengi, kwa hiyo mtu ana nafasi ya kutosha ya kujiharibu moyo. Njia nzima nilipanga maswali kama ninavyoyapanga kazini: lile lile mara tatu kwa njia tofauti, halafu unatazama jibu linateleza wapi. Nilikuwa nayo mazuri. Nilipopita lile sanamu kubwa jeupe kando ya barabara, nilikuwa nimeshamtia hatiani, nimeshamlilia, na nimeshapanga nitamwambia nini shangazi. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba hata katika mawazo yangu hakujitetea.

Anakaa kusini magharibi ya mji, kule waliko watu wetu wengi, ghorofa ya juu. Alifungua mlango kabla sijabisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Amekonda, nikaona. Nyumba ilinukia machalari, ndizi na nyama kama za mama, na ndizi zenyewe za duka la Wameksiko. Nikasema moyoni, ananipikia. Anayepika anataka kitu. Nikakaa ukingoni mwa kochi na mkoba wangu mapajani, kama niko ofisini kwa mtu.

Halafu nikauona mmea. Ulikuwa kwenye chungu karibu na mlango wa kibaraza. Hapa unauzwa madukani kama ua la sebuleni, Wazungu wanaumwagilia bila kujua ni kitu gani. Kwetu ni isale. Isale ndiyo mpaka wa shamba, isale hupandwa kaburini, na isale ndiyo msamaha. Mtu aliyekukosea hachukui maneno, anachukua jani la isale, analipiga fundo, analeta. Huruhusiwi kulikataa. Na ukishalipokea, jambo limekwisha: huulizi tena, hukumbushi tena, mpaka kaburini. Kwa mtu mwenye kazi kama yangu hiyo ni sheria ngumu kuliko zote za Wachagga.

Kwenye ule mmea jani moja lilikuwa limekatwa. Mkato ulikuwa mbichi.

Njia nzima nilikuwa nataka niwe nimekosea. Mtu asiye na kosa hakati isale.

Akaingia chumbani, akarudi na kifurushi cha khanga ya mama, ile ya kahawia aliyokuwa akijifunga kiunoni. Akapiga magoti, akakiweka kwenye zulia katikati ya chumba, akaweka juu yake jani lenye fundo, akasimama, akarudisha mikono nyuma. Kifurushi kilikuwa na urefu ninaoujua. Kwa hiyo haukuuzwa. Hakuuza! Nilisikia joto la furaha, na nyuma yake hapo hapo, shaka nyingine: kama hakuuza, isale ni ya nini?

"Sema kwanza," nikamwambia. "Sijalishika jani bado."

Akasema huku amesimama vilevile, kama yuko mbele ya mwalimu. Alipofika nyumbani, mama alikuwa hawezi tena kuinuka, na alikuwa amekataa kula mpaka ng'ombe ale kwanza. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia amejifungua, hayupo. Basi mdogo wangu akachukua mundu. Alitoka giza giza, khanga hii hii kaifunga kichwani ili wa mbali wadhani ni mwanamke. Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia. Alikata kwa mkono wa kushoto, mundu ukamkataa, ukawa unateleza. Mama, kitanda chake kiko dirishani, alikuwa anasikiliza sauti, anamwambia akirudi: leo umekata upepo. Lakini siku hadi siku alizoea. Ng'ombe akala, mama naye akala uji. Mama alimwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba mwanaume wa nyumba ile anakata majani, na yeye hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alikuwa anakata tawi la mringaringa ulio mpakani. Ndani ya mti mlikuwa na waya wa miiba wa zamani, mti umekua ukaumeza. Makali yakateleza kwenye mkono wake wa kushoto, yakapita pembeni, yakakuta waya. Mundu ukakatika.

"Umekatikia wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Kwenye tundu."

Sauti ilifika dirishani. Mama akaita kutoka kitandani, akauliza hicho ni nini. Yeye akajibu ni tawi, mama, ni tawi tu. "Na mama akasema..." Akatazama lile jani sakafuni. Hakumaliza.

Mama alikufa wiki ile ile. Mimi nilipopiga simu kuomba mundu, vipande vilikuwa tayari ndani ya begi lake, vimefungwa. Angenipa nini? Angeniambia nini mimi, ambaye sikuweza hata kuzika? Akasema hajauona, akidhani atautengeneza kwanza, halafu aseme ameupata. Alivizungusha vipande vile kwa mafundi wa kuchomelea wa Houston, mmoja baada ya mwingine, na wote wakamwambia chuma cha springi ukikichomelea kitakatika tena kando ya mchomeleo. Alinunua isale mwaka huo huo. Alikuwa anangoja apate nguvu ya kulikata jani.

"Ile picha ilipokuja," akasema, "nilikimbia kabatini. Nilidhani umeibwa, dada. Mgongo umemeguka palepale. Nilidhani kuna mtu aliingia humu ndani akauchukua, akapata fundi aliyeweza kuuunga."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Wajinga wawili. Mmoja Arlington, mwingine Houston, wote wawili tumeona chuma cha watu wa kale na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba huenda kweli ni cha Warumi.

Nilishuka kwenye kochi nikapiga magoti. Nikasogeza jani pembeni kwa ncha ya kidole, bila kuliokota, nikafungua khanga. Vipande viwili. Vilikuwa safi, amekuwa akivipaka mafuta. Niliviunganisha kwenye zulia, na nusu ya tundu ikarudi, robo upande huu na robo upande ule. Nikaweka kidole gumba changu pale. Kilikaa. Ufa ulinikwaruza kidogo katikati, lakini kilikaa.

Lilikuwa limebaki swali moja. Kati ya yote niliyoyapanga barabarani, hilo sikulipanga, na ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mama alisema nini? Aliisikia sauti ile. Mwanamke aliyejua kwa kusikia tu kwamba umekata upepo, asijue mundu wake ukikatika? Akaambiwa ni tawi. Na akajibu kitu, na huyu hapa amekibeba miaka mitatu, kiko mdomoni mwake. Jani bado liko chini. Nikiuliza sasa, nina haki ya kuuliza, na yeye hawezi kukataa.

Nikamtazama. Mikono bado iko nyuma. Kidevu kinamtetemeka kama alipokuwa akiungua na homa utotoni, nimembeba mgongoni kwa khanga. Ameshasema yote aliyoweza kuyasema. Lililobaki lilikuwa linamla, na mimi nikilivuta litatoka na nyama.

Nikaliokota jani.

"Umelipokea?" akauliza, kama haamini.

"Nimelipokea."

Akakaa sakafuni pale pale. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Baada ya muda akaenda kupakua machalari, na nilikula sahani mbili, ingawa chumvi ilikuwa nyingi na nilimwambia. Jioni nilipokuwa naondoka alitaka nichukue vipande vyote. Nilichukua cha mdomo. Kile cha mpini nilikiweka chini kwenye zulia, nikarudisha mikono yangu nyuma, mpaka akainama akakiokota.

Ule wa Dallas sikurudi kuutazama. Kama ni wa Warumi kweli, basi kuna mama mwingine, zamani sana, aliyekuwa na kidole gumba na ng'ombe wa ndani, na Mungu amlaze pema. Kuhusu lile pengo la mgongoni bado nina maoni yangu, lakini hiyo ni kesi ya mtu mwingine.

Sasa mdogo wangu ananipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Tunaongea watoto, kazi, bei za nauli za kwenda nyumbani, maana makaratasi yangu yametoka. Siku nyingine katikati ya maongezi anasema, "Dada," halafu ananyamaza, na kimya chake nakijua. Nashuku anangoja niulize mama alisema nini. Swali liko kooni, liko palepale, halijapungua hata kidogo.

Namuuliza kama Houston mvua imenyesha.